Kaburini kwa Mwana wa Mwami

Ndugu Waislamu, apandaye kilima cha Vugizo hulikuta kaburi la marehemu Louis Rwagasore, na chini yake huuona mji wa Bujumbura, Buyenzi yetu ikiwamo, na ziwa Tanganyika.

Alizaliwa mwaka 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, wala hakuwa wa dini yetu. Lakini aliporejea kutoka masomoni Ubelgiji hakuona haya kushuka kwa wafanya biashara Waswahili, akaunda nao ushirika mwaka 1957 ili mwenyeji naye aonje faida ya soko lake. Ushirika ule ulilemewa na madeni. Imani ya watu kwake haikupungua, na Waislamu wa Buyenzi wakawa miongoni mwa wa mwanzo kukiunga mkono chama alichokiongoza, UPRONA.

Wakati wa uchaguzi wa 1960 Wabelgiji walimfungia nyumbani. Septemba 1961 chama kilipata viti 58 katika 64, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba, mwezi haujatimia, alipigwa risasi usiku akiwa mezani hotelini, kando ya ziwa hilo hilo. Umri wake miaka 29. Uhuru ulipofika, 1 Julai 1962, alikuwa amekwisha lala Vugizo.