MANGI MAREALLE NA KITI CHA KUAZIMA

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu, tumeona ni vema sisi wa Masama tuwakumbushe wanachama habari za Mangi Ndegoruo Marealle wa Marangu. Si kwa kumsifu wala kumlaumu, bali kwa kuwa maisha yake yana funzo kwa kila apewaye madaraka.

Marealle alizaliwa katika ukoo wa utawala, na kiti cha Marangu kilikuwa haki yake. Lakini Marangu ilikuwa nchi ndogo, nayo ilizungukwa na wakubwa: Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho. Basi Wajerumani walipofika, aliwapokea kwa mikono miwili. Boma lao mlimani lilijengwa kwake Marangu, mwaka 1891. Mwaka uliofuata Meli, mwana wa Rindi, aliwapiga Wajerumani na mkuu wao von Bülow akauawa; lakini Agosti 1893 Meli naye alishindwa, na boma likahamishiwa Moshi.

Hapo Marealle akafanya urafiki mkubwa na Kapteni Johannes, mkuu wa boma. Wazee husimulia kwamba kila neno alilolipeleka bomani lilisadikiwa. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Moshi kwa shutuma ya kula njama: miongoni mwao Meli, Molelia wa Kibosho, na Ngalami wa Siha, jirani zetu. Wengi walimnyoshea kidole Marealle. Kisha Wajerumani wakamweka juu ya nchi za Rombo, ambazo hazikuwa urithi wake wala hazikumchagua.

Tutazame sasa mwisho wa mambo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Johannes alipoondoka mlimani, Marealle alibaki peke yake kati ya watu wenye vidonda, wala wakuu wapya wa boma hawakumwamini kama yule wa kwanza. Akaingiwa na hofu, akakimbilia ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Waingereza. Ukuu wa Rombo ukamponyoka. Kiti cha Marangu, ambacho hakukipewa na mgeni, kilibaki katika ukoo wake.

Tena liko jambo la kufurahisha. Mwaka 1951 mjukuu wake, Thomas Marealle, alikuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote kwa kura za watu. Mwaka 1960 watu haohao walipiga kura kwamba wamtake rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Akaondoka madarakani, lakini hakukimbia usiku. Aliyepewa na watu aliwarudishia watu.

Ushirika wetu nao umepita njia hiyo. Mwaka 1937 wakulima wa mlimani walifanya ghasia kwa sababu ya amri ya wamangi iliyowalazimisha kuuza kahawa kwa KNCU peke yake. Kahawa ilikuwa yao na chama kilikuwa chao, lakini amri haikutoka kwao.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, mwenyekiti wetu na halmashauri yake wasitafute ulinzi kwa mkubwa yeyote wa nje. Ulinzi wao ni mkutano mkuu, hesabu zisomwazo waziwazi, na kura yako. Njooni mkutanoni.