Thomas Russell Crampton

Thomas Russell Crampton (6 Agosti 1816 – 19 Aprili 1888) alikuwa mhandisi kutoka nchini Uingereza. Alizaliwa Broadstairs, Kent.

Zamani hizo wahandisi walihofia kwamba injini ya garimoshi yenye boila iliyo juu ingepinduka kwenye mwendo wa kasi. Katika miaka ya 1840 Crampton aliweka magurudumu makubwa ya kuendeshea nyuma ya tanuri, hivyo boila ikakaa chini. Injini zake zilikimbia kwa utulivu, lakini magurudumu hayo yalibeba uzito mdogo, yakateleza zilipovuta mizigo mizito. Uingereza zilitumika chache. Ufaransa zilivuta treni za abiria kwa miaka mingi.

Mwaka 1851 alisimamia utandazaji wa kebo ya telegrafu chini ya bahari kutoka Dover hadi Ufaransa, akitoa pia fedha zake mwenyewe.