Maisha ya Wilbur Wright, Fundi Aliyejua Kungojea Upepo



Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 hapa kwetu Kampemba, nani haijui? Asubuhi vidole vinakufa ganzi mpaka kalamu inaanguka, na mwanafunzi anakuja ku masomo amevaa majaketi mawili. Halafu mwezi wa 8 upepo unaanza kupiga na mavumbi yanajaa Bel-Air na Bongonga. Na ndio ule wakati wa kipwa watoto wanapenda kurusha ndege zao ndogo, zile za matete, waya na karatasi ya mifuko ya simenti, juu mvua haiko. Lakini kila mwaka ni kilio kile kile. Kola haikauki. Karatasi inalegea kwa umande. Ndege uliyoitengeneza wiki mbili inavunjika kwa dakika moja. Wengine wanaitupa na kusema hii kazi haiwezekani.

Kwa hiyo safari hii tunataka kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye baridi na upepo vilimfundisha kuliko masomo. Jina lake linajulikana dunia nzima, lakini wengi wanajua paka ile siku moja aliposhinda. Hawajui siku zile zingine.

1. Mtoto wa askofu

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 4, 1867, karibu na Millville, katika jimbo la Indiana, Marekani. Ndugu yake Orville, ambaye hatuwezi kumtenga naye, alizaliwa 1871. Baba yao, Milton Wright, alikuwa mhubiri, baadaye akawa askofu wa kanisa moja la Kiprotestanti, na kazi ilimfanya asafiri sana. Mama yao, Susan, alikuwa na mkono wa fundi. Kitu kikivunjika nyumbani, ni mama aliyekitengeneza.

Mwaka 1878 baba alirudi safarini na zawadi. Ilikuwa kidude cha karatasi, mwanzi na kizibo, chenye mpira mdogo wa kusokota. Ukiachilia ule mpira, kinaruka mpaka kwenye dari. Aliyefikiri kitu cha namna hiyo alikuwa Mfaransa, Alphonse Pénaud. Wale watoto walikichezea mpaka kikavunjika, halafu wakatengeneza vingine wenyewe. Vidogo viliruka. Walipotengeneza vikubwa, vilikataa. Walikuwa hawajajua bado kwamba ukifanya kidude kiwe kikubwa mara mbili, nguvu inayotakiwa inapanda karibu mara nane. Lile swali walibaki nalo.

2. Baridi iliyobadilisha njia yake

Wilbur alikuwa mwanafunzi hodari, na kulikuwa na shauri la kumpeleka ku iniversite ya Yale. Lakini katika majira ya baridi ya 1885 kuingia 1886, alipokuwa anacheza na vijana juu ya maji yaliyoganda, alipigwa fimbo ya mchezo usoni na kupoteza meno. Kisha afya yake ikalegea, moyo ukamsumbua. Shauri la Yale likaisha. Alibaki nyumbani karibu miaka mitatu, akimtunza mama aliyekuwa na kifua kikuu, na akisoma vitabu vya baba yake. Mama alikufa 1889.

Watu wangeweza kusema: huyu kijana amepotea. Lakini ile miaka ya kukaa kimya ilimpa tabia ya kusoma kitu mpaka mwisho na kungojea bila kuchoka.

Mwaka 1892 Wilbur na Orville walifungua duka la kinga (baiskeli) katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kinga iliwalisha, na iliwafundisha jambo moja: chombo kinachoyumba si kibaya, kama mwenye kukiendesha anajua kukirudisha sawa.

3. Wale waliokufa mbele yao

Mwaka 1896 Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa ameruka mara nyingi sana kwa mabawa bila moteri, alisukumwa na upepo, akaanguka na kufa. Mwaka 1899 Mwingereza Percy Pilcher naye alianguka. Chombo chake kilikuwa kimelowa mvua siku ile, lakini watu walikuwa wamekuja kutazama, naye akaruka. Mkia ukavunjika hewani.

Wilbur alifikiri sana juu ya mambo ya namna hii. Aliona kwamba mabawa peke yake hayatoshi. Mtu anatakiwa kujua namna ya kujibu kila kishindo cha upepo. Na kwa kujifunza hivyo, anahitaji mahali ambapo akianguka hatakufa.

Basi hakuanza na moteri. Mwaka 1899 alianza na karatasi ya kisomo na kitu cha kurusha kwa kamba. Aliomba vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya kuruka. Tena aliandikia ofisi ya serikali inayopima hali ya hewa, kuuliza ni wapi katika Marekani upepo unapiga kwa nguvu na bila kukatika. Kati ya majina aliyopata alichagua Kitty Hawk, kwenye pwani ya jimbo la North Carolina. Kule kulikuwa upepo, mchanga laini, vilima bila miti, na watu wachache wa kuwacheka.

4. Wakati wa baridi ni wakati wa meza

Kinga zilinunuliwa sana wakati wa joto, lakini wale ndugu walipata nafasi ya kwenda Kitty Hawk. Walikwenda 1900, wakarudi 1901. Safari ya pili ilikuwa mbaya: mvua, mbu wengi, na mabawa yaliyobeba uzito kidogo kuliko ile hesabu ya vitabu ilivyosema. Wilbur alirudi Dayton amevunjika moyo.

Sasa tazameni alichofanya. Baridi ilikuwa inakaribia, hakuna kuruka nje. Yeye na Orville waliunda sanduku la mbao lenye urefu wa karibu metre 1.80, wakaweka feni upande mmoja, na ndani wakapima mabawa madogo ya bati, moja kwa moja. Walijaribu maumbo karibu 200. Upepo wa nje walikuwa hawawezi kuuamuru, basi walitengeneza wa kwao ndani ya nyumba. Mwisho wa 1901 walijua kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakijua: hesabu za zamani zilikuwa na makosa, na umbo lipi la bawa ni zuri.

Mwaka 1902 walirudi Kitty Hawk na chombo kipya bila moteri, wakaruka nacho mamia ya mara. Kiliwatii.

5. Mwezi wa 12, 1903

Mwaka 1903 walikuja na ndege yenye moteri ya nguvu ya farasi 12 hivi, iliyotengenezwa na fundi wao Charlie Taylor. Walifika mwezi wa 9, wakifikiri kazi itaisha upesi. Haikuisha. Vyuma vya kuzungusha mapanga vilivunjika, vikatumwa kutengenezwa, vikavunjika tena. Orville alipanda treni mpaka Dayton kutengeneza vingine vya chuma kigumu.

Na baridi ikaingia. Nyumba yao ilikuwa kibanda cha mbao katikati ya mchanga. Walitengeneza jiko kwa debe la zamani la karabidi, na mwanzoni lilijaza moshi mpaka wakawa weusi. Usiku walipima baridi kwa hesabu ya blanketi: usiku wa blanketi moja, wa mbili, wa tano, na ule ambao hata blanketi zote na moto na viatu havitoshi. Walicheka, lakini hawakurudi nyumbani.

Tarehe 13 mwezi wa 12 hewa ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa siku ya Mungu, nao walikuwa wameahidi baba yao kutofanya kazi siku ile. Wakakaa wakisoma. Tarehe 14 walirusha sarafu, Wilbur akashinda. Alipanda, akainua pua ya ndege kupita kiasi, na baada ya sekunde tatu na nusu ikaanguka mchangani na kuvunjika kidogo. Kosa lilikuwa lake, naye alikubali. Wakatengeneza siku mbili.

Tarehe 17 asubuhi maji ya mvua yaliyotuama karibu na kibanda yalikuwa yameganda. Upepo ulipiga kilometre 35 mpaka 40 kwa saa. Ulikuwa upepo wa hatari, nao walijua. Walikaa ndani mpaka saa ine, wakitumaini utapunguka. Ulipokataa, walitoka. Kuweka reli ya kuondokea ilikuwa kazi ngumu, walirudi ndani mara kwa mara kupasha mikono moto. Mkono uliokufa ganzi haukazi msumari vizuri. Wanaume wane na kijana mmoja walikuja kuwasaidia na kushuhudia.

Saa ine na dakika 35 Orville aliruka sekunde 12, metre 36 na nusu. Walibadilishana. Saa sita ya mchana Wilbur aliruka mara ya nne: sekunde 59, metre 260. Mtu alikuwa ameruka kweli, kwa moteri, katika baridi ya kuganda.

Lakini sikieni mwisho wake. Walirudisha ndege karibu na kibanda, wakasimama kuzungumza. Haikufungwa. Kishindo kimoja cha upepo kikaiinua, kikaipindua, na mmoja wa wale wasaidizi akakokotwa ndani ya waya na mbao. Alipona, lakini ndege iliharibika kabisa. Haikuruka tena hata siku moja. Asubuhi upepo uliwabeba, mchana uliwavunjia.

6. Ufaransa, na baridi nyingine

Wale ndugu waliendelea Dayton. Kule shida ilikuwa nyingine: upepo haukutosha, basi wakajenga mnara wenye uzito wa kuanguka ili kuvuta ndege iondoke. Tarehe 5 mwezi wa 10, 1905, Wilbur alikaa hewani dakika 39.

Mwaka 1908 alikwenda Ufaransa, karibu na mji wa Le Mans. Magazeti mengi ya kule hayakumwamini. Yeye hakujibu. Alilala ndani ya hanga pamoja na ndege yake, akaitengeneza kwa mikono yake, na hewa ilipokuwa mbaya alikataa kuruka, hata kama watu walinung'unika. Tarehe 8 mwezi wa 8 aliruka, na wote walinyamaza. Mwezi uliofuata Orville alianguka Marekani, na afisa aliyekuwa naye, Selfridge, akafa. Wilbur aliumia sana moyoni, lakini aliendelea. Tarehe 31 mwezi wa 12, katika baridi kali, alikaa hewani saa mbili na dakika 20, akapata tuzo ya Michelin. Baada ya hapo alifanya kitu cha akili: alihama na kwenda Pau, kusini ya Ufaransa, ambako baridi si kali sana. Alikuwa ameshaonyesha kwamba anaweza kuvumilia, hakuwa na sababu ya kujitesa bure.

Wilbur alikufa kwa tifoidi tarehe 30 mwezi wa 5, 1912, nyumbani Dayton, akiwa na miaka 45. Hakuoa. Orville aliishi mpaka 1948.

7. Inatufundisha nini sisi

Ndugu mwanafunzi, ndege yako ya matete na ndege ya Wilbur zinakutana na hewa ile ile. Hewa ya baridi ni nzito, inabeba bawa vizuri kuliko ya joto, kwa hiyo baridi yenyewe si adui. Adui ni haraka. Basi:

– Wakati hewa ni mbaya, fanya kazi ya mezani: kata, pima, jaribu mabawa madogo ndani ya nyumba.
– Kola ikauke ndani, karibu na mbabula lakini si juu yake, na mlango ukiwa wazi, juu moshi wa makala unaua.
– Mpira wa kusokota uweke mfukoni, karibu na mwili. Ukiwa baridi unapoteza nguvu.
– Ngojea jua likaushe umande, lakini ruka mbele ya upepo wa mchana.
– Pasha mikono moto kabla ya kufunga uzi. Ukiona inatetemeka, acha kwanza.
– Ukishashusha ndege yako, ifunge au iweke ndani. Usisimame kuzungumza kama wale ndugu tarehe 17.

Na ikivunjika, kusanya vipande vyote. Ndani ya vile vipande ndiko jibu liko. Wilbur naye alivunja siku ya tarehe 14, na kama angetupa ile siku, leo tusingekuwa tunainua vichwa wakati ndege kubwa inapita juu ya Kampemba kwenda kushuka Luano.