Mtwa Mkwawa: namna ya kumsimulia mtoto kifo chake

Mtoto wa Iringa humjua Mkwawa kabla hajajua kusoma. Alizaliwa Luhota miaka ya 1850, baba yake akiwa Munyigumba, mtawala wa Wahehe aliyefariki mwaka 1879. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga.

Kinachofuata huwa tunakiruka. Kwa karibu miaka minne Mkwawa aliishi porini akiwindwa. Ndugu yake Mpangile alinyongwa na Wajerumani mwaka 1897. Wafuasi walipungua hadi wakabaki wachache sana. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijitoa uhai. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954, mjukuu wake Chifu Adam Sapi akalipokea, na sasa liko makumbusho ya Kalenga.

Mama, ukisimulia, usiache ile miaka minne. Mtoto akisikia ushujaa peke yake, anaweza kudhani kujiua ni njia ya mtu jasiri. Mwambie habari ya upweke, uchovu na kufiwa.

Fuvu lile lilipimwa ukubwa ili lijulikane ni la nani. Siku hizi kifo kikitiliwa shaka, sampuli za damu, mkojo, ini na vilivyomo tumboni hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye maabara ya kanda jijini Mbeya. Kipimo huonyesha kama kulikuwa na pombe, dawa za hospitali au sumu ya shambani. Huzuni haipimwi, hiyo waliiona waliokaa naye.

Pombe hukutwa mara nyingi kwenye vipimo vya namna hii duniani kote. Huondoa woga na subira, na mtu ambaye angengoja hadi asubuhi hangoji. Ulanzi nao ni pombe, hata ukiwa mtamu.

Kwa hiyo sumu ya nyanya na ya viazi isilale chumbani (nyumba nyingi huiweka uvunguni). Ifungie kwenye sanduku la kufuli, ufunguo ukae na mtu mwingine. Ukimwona mtu amejitenga, anagawa vitu vyake au anasema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Kama ni mtoto, piga 116, ni bure.