Bwana Ward na Kutu ya Kahawa

Wanachama wenzangu, tukiandika maisha ya watu mashuhuri humu gazetini, huwa twakimbilia wafalme na majemadari. Mimi leo nawaletea mtu wa majani, Harry Marshall Ward. Kwetu twalima kahawa, kwa hivyo ananihusu.

Ward alizaliwa mwaka 1854 mjini Hereford, Uingereza. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge, mwanafunzi mwenzake ndiye aliyemsaidia kulipa karo! Alifaulu vyema, na mwaka 1880 akatumwa Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka.

Huko, jamani, kilikuwa kilio. Mibuni ilijaa madoa ya rangi ya machungwa chini ya majani, kisha majani yakapukutika. Ndiyo kutu ileile tuijuayo sisi. Kulikuwa na walioshikilia kwamba kosa ni la udongo au hali ya hewa. Ward akatundika vipande vya kioo vilivyopakwa glisirini shambani, navyo vikanasa spora, yaani vumbi la uzazi la kuvu, zikipeperushwa na upepo. Akazipaka kwenye majani mazima, akazitazama kwa hadubini zikichipua na kupenya kwenye stomata. Mwizi kapatikana! Lakini mashamba yalikuwa kahawa tupu, kilima kwa kilima, kwa hivyo upepo ulikuwa umeshamaliza kazi. Ward aliondoka mwaka 1882 bila dawa ya kuponya, na wakulima wakahamia chai.

Wengi hukomea hapo wanaposimulia habari zake. Mimi naona utamu ndio unaanza. Mwaka 1895 akawa profesa wa mimea huko Cambridge, na swali akaligeuza: mbona mimea mingine haiugui? Akachukua nyasi za jamii ya Bromus pamoja na kutu yake. Akahesabu stomata, akachunguza vinyweleo, wapi! Umbo halikueleza kitu. Kuvu iliingia katika nyasi hodari sawasawa na ilivyoingia katika nyasi dhaifu. Ila ndani ya zile hodari, seli zilizovamiwa zilikufa upesi, na kuvu hiyo, ambayo hula seli hai tu, ikakosa chakula. Mwaka 1902 alieleza kuwa siri itafutwe kwenye vimeng'enya na sumu, yaani kwenye kemikali.

Hapo alilenga shabaha. Leo yajulikana kuwa ukuta wa kuvu una kaitini, dutu ileile iliyo katika ganda la panzi. Mmea hutoa kimeng'enya cha kuikata, na vipande vyake vinaponasa kwenye vipokezi vya seli, ni kama kengele ya hatari imelia. Kalisi hufurika ndani ya seli, asidi ya salisiliki husaidia kuamsha kinga hadi majani ya mbali, na mmea huanza kujitengenezea sumu za kuua kuvu. Wanasayansi huviita vipande hivyo vichochezi. Adui akijulikana barabara, hata seli zenyewe hujiua ili asipite. Eti mmea hauna akili!

Ward hakuyaona haya. Alifariki mwaka 1906 mjini Torquay, akiwa na miaka 52. Mwaka 1985 wakulima wa Kenya walipata Ruiru 11, mbuni unaostahimili kutu. Kwetu ipo safu mbili, karibu na ile mibuni ya zamani ambayo bado twainyunyizia dawa ya shaba.