Shelly Manne: Mpiga dramu aliyeipa sauti filamu ya Hatari!

Na Mwandishi Wetu, Karatu

MSAFIRI atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu kabla ya kulifikia lango la Lodoare. Mwishoni mwa 1960, takriban mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata Uhuru, mwongozaji wa filamu kutoka Marekani, Howard Hawks, alianza kupiga picha nchini, Ngorongoro ikiwa miongoni mwa maeneo aliyoyatumia. Nyota wake alikuwa John Wayne, na filamu yenyewe, Hatari!, ilitoka 1962.

Sura ya Wayne inakumbukwa hadi leo. Wachache wanamkumbuka mtu ambaye ngoma zake zinasikika ndani ya muziki wa filamu hiyo. Huyo ni Shelly Manne, mmoja wa wapiga dramu mahiri wa muziki wa jazi katika karne ya 20.

Manne alizaliwa Juni 11, 1920 jijini New York, katika nyumba ya ngoma. Baba yake na baba zake wadogo walikuwa wapiga dramu. Aliyemfungulia mlango wa kazi hiyo ni rafiki wa familia, Billy Gladstone, fundi wa ngoma aliyeheshimika katika majumba ya burudani ya jiji hilo.

Alichipukia katika zama ambazo dramu zilikuwa zikibadilika. Katika miaka ya 1920 kilizuka chombo kipya: matoazi mawili yaliyowekwa juu ya mti wa chuma, yakitazamana, na kukutanishwa kwa kanyagio la mguu. Wapiga dramu hukiita haihati. Kabla yake, uzito wa mapigo ulibebwa na ngoma kubwa. Katika miaka ya 1930 mafundi kama Jo Jones wa bendi ya Count Basie waliuhamishia kwenye shaba hiyo nyembamba, na muziki ukapata wepesi. Matoazi ya zama hizo leo ni mali inayosakwa na wakusanyaji, kwa kuwa kila jozi ina sauti yake.

Manne aliielewa vema siri hiyo. Kwake dramu hazikuwa za kutunza mapigo pekee, bali ziliweza kuimba. Aliziwamba ngoma zake kwa uangalifu ili zitoe sauti za juu na za chini mithili ya wimbo, na alisifika kwa kutumia brashi pale wenzake walipotegemea nguvu za fimbo. Mwaka 1943 alirekodi na mpiga saksafoni Coleman Hawkins. Mwaka huohuo alimwoa Florence Butterfield, mcheza dansi wa jukwaani. Baada ya kulitumikia jeshi la ulinzi wa pwani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipata umaarufu katika bendi ya Stan Kenton.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia California, akaishi nje kidogo ya Los Angeles akifuga farasi. Mwaka 1956 alitoa albamu ya nyimbo za tamthilia ya My Fair Lady akiwa na mpiga piano André Previn na mpiga besi Leroy Vinnegar. Iliuzwa mno.

Studio za Hollywood nazo zilimhitaji. Mtunzi Henry Mancini, aliyetunga muziki wa Hatari!, alimtegemea kila alipotaka ngoma zenye rangi isiyo ya kawaida. Hawks alikuwa amerejea kwao na ala za asili za Afrika Mashariki, ikiwamo marimba ya vidole, akamkabidhi Mancini. Kibao cha matembezi ya watoto wa tembo kilimpatia Mancini tuzo ya Grammy mwaka 1963. Manne mwenyewe alitunga muziki wa Daktari, mfululizo wa televisheni wa 1966 hadi 1969 uliobeba jina la Kiswahili, na mwaka 1968 akautolea albamu.

Hata hivyo, moyo wake ulibaki kwenye jazi. Mwaka 1960 alifungua ukumbi wake huko Hollywood, Shelly's Manne-Hole, ambako wanamuziki walipata nafasi ya kupiga walichokiamini. Ulifungwa 1972. Septemba 1984 jiji la Los Angeles lilimtengea siku ya heshima. Wiki chache tu baadaye, Septemba 26, alifariki dunia kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 64.

Maisha yake yanaacha swali kwa wenyeji wa njia hii. Hollywood iliichukua nyika yetu, ikaitungia sauti, na dunia ikaipokea kuwa sauti ya Afrika. Wakati huohuo Karatu ina ngoma za Wairaki, nyimbo za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola wafuao bangili za shaba. Ngorongoro ina Wamaasai, ambao uimbaji wao hauhitaji ngoma. Manne alifika mbali kwa sababu alisikiliza kila kilichotoa mlio, hata kipande cha bati. Sikio la namna hiyo likielekezwa kwa wazee wetu wangali hai, sauti zao zitahifadhiwa na watu wanaozijua maana.