Tippu Tip na Nasaba Yake

Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia kubwa ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Kutoka hapo iliendelea magharibi mpaka Ujiji, kando ya ziwa la Tanganyika. Mpagazi aliyetoka pwani na mzigo wa nguo au ushanga alikwenda kwa miguu muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kufika Tabora. Katika njia hiyo watu wa koo mbalimbali walikutana, wakaoana, wakapigana. Na wengi walitekwa, wasirudi tena kwao. Habari za mtu mmoja aliyejulikana sana katika njia hiyo zatufundisha jinsi nasaba inavyoweza kumfaa mtu, na jinsi inavyoweza kutumiwa vibaya.

Jina lake hasa lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Watu wa bara walimwita kwa majina mengi, lakini lililoenea kupita yote ni Tippu Tip. Wengine husema aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa akipepesa macho. Wengine husema ni mlio wa bunduki zake.

Waarabu huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Basi mtu huyu ni Hamed mwana wa Muhammed, mwana wa Juma, mwana wa Rajab, mwana wa Muhammed, mwana wa Said, wa kabila la Murjebi lililotoka Omani. Mtu akiishika hesabu hiyo peke yake atadhani kwamba damu yake yote ilitoka ng'ambo ya bahari. Lakini tukiuliza habari za akina mama, twapata habari nyingine. Mkewe Rajab alikuwa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, mtu wa Maskati; na mama yake binti huyo alikuwa Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kilicho kusini ya Dar es Salaam. Mama yake Hamed mwenyewe alikuwa binti Habib bin Bushir el Wardi, wa ukoo mkubwa wa Maskati. Yule mama wa Mbwamaji hakutajwa katika hesabu ya bin na bin. Walakini kama si yeye, Hamed asingalizaliwa.

Muhammed bin Juma, baba yake Hamed, alikuwa mfanya biashara. Aliingia bara mapema, akakaa karibu na Tabora, akajenga nyumba na kulima mashamba. Huko alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Karunde hakumzaa Hamed, bali alikuwa mama yake wa kambo. Arusi ile ilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mgeni akawa mkwe wa mtemi. Na mkwe hupewa heshima ambayo mchuuzi apitaye njiani hawezi kuipata. Hivyo ukoo wa Murjebi wa Unguja ukafungamana na nyumba ya watemi wa Unyanyembe.

Lakini udugu wa ndoa haukuzuia vita. Fundikira alikufa mwaka 1858, akatawala Mnywa Sele. Mtemi huyo alitaka wafanya biashara walipe ushuru kwa mali zao, nao hawakutaka. Ugomvi ukazidi, na mwaka 1860 Waarabu wakamfukuza, wakamsimamisha Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele hakukubali. Aliizungukazunguka nchi na askari wake akiwavamia adui zake, mpaka alipouawa mwaka 1865. Raia wa Unyanyembe waliteseka sana miaka hiyo, kwa kuwa wakubwa wakigombana, shamba linalokanyagwa ni la mtu mdogo.

Hamed alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12, akifuatana na wajomba zake kununua sandarusi karibu na pwani. Alipokuwa kijana wa miaka 18 hivi alikwenda Tabora pamoja na baba yake. Tangu hapo hakutosheka na safari fupi. Alikopa mali Unguja kwa matajiri wa Kihindi, akaajiri wapagazi, akaingia bara tena na tena kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala mwenye nguvu wa Itabwa, kusini ya ziwa la Tanganyika. Bunduki zikashinda mishale, na pembe nyingi za Nsama zikawa zake. Mwaka uo huo Dokta Livingstone alikutana naye katika nchi hizo, akapata msaada kwake.

Sasa tufike kwenye jambo lililo ajabu kuliko yote katika maisha yake. Alipokuwa akisafiri katika nchi za magharibi ya ziwa, katika Kongo, alisikia kwa watu wa huko habari za Utetera, nchi yenye watu wengi na pembe nyingi. Mfalme wake alikuwa Kasongo Rushie, naye alikuwa mzee. Akaambiwa pia kwamba zamani wanawake wa nyumba ya mfalme huyo walitekwa, wakachukuliwa mpaka Urua, wala hawakuonekana tena. Mzee Kasongo alikuwa bado akiwakumbuka ndugu zake waliopotea.

Hamed akayashika maneno hayo moyoni. Alipofika Utetera alimwambia Kasongo kwamba babu yake, Habib bin Bushir, alikwenda Urua zamani akamwoa mmoja wa wanawake wale, na kwamba yeye Hamed ni mjukuu aliyezaliwa katika uzao huo. Akawataja watu na mahali, kama mtu aliyefundishwa na wazee wake. Mzee akafurahi kupita kiasi, akiamini kwamba damu yake iliyopotea imerudi nyumbani. Akampa Hamed utawala wa nchi yake, na watu wakamletea pembe kama wamleteavyo mfalme. Haya yote yalitokea kabla ya mwaka 1874, alipokutana na msafiri Mwingereza Cameron.

Sisi twajua kwamba mama yake Hamed alikuwa Mwarabu wa Maskati. Nasaba ile ya Utetera ilikuwa ya kutungwa. Hakuipata nchi kwa bunduki peke yake kama alivyoipata ya Nsama, bali aliipata kwa kuyatumia majonzi ya mzee aliyekuwa akiwalilia ndugu zake. Hiyo ilikuwa akili nyingi, lakini haikuwa haki.

Tangu hapo nguvu zake zikakua. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley katika msitu mkubwa wa Kongo kwa ujira. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa maporomoko ya Stanley, kwa mshahara wa kila mwezi. Pembe zake zilikwenda Ujiji, zikaja Tabora, zikashuka Bagamoyo, na mwisho wake zilifika Ulaya na Marekani, zikafanywa vitana na vibonyezo vya piano.

Lakini pembe hazikwenda peke yake. Katika njia ile walipita watu waliotekwa vitani au kununuliwa: wanaume, wanawake na watoto. Wengine walikufa njiani kwa njaa na ugonjwa. Wengine waliachwa Tabora na Ujiji, wengine walivushwa mpaka Unguja. Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo alipewa jina jipya na bwana wake. Hata alipokuwa mtu mzima, hakuweza tena kutaja jina la babu yake wala kijiji alichozaliwa. Wahenga husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini watu hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Mtu mmoja alijitungia nasaba akapata ufalme, na maelfu wakapoteza nasaba zao za kweli wasipate kitu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922.

Hamed alirudi Unguja mwaka 1891, wala hakuenda tena Kongo. Mwanawe Sefu alibaki huko, akapigana na Wabelgiji, akauawa mwaka 1893. Nchi zote ambazo baba yake alizipata zikaondoka mikononi mwao. Katika siku za uzee wake Hamed aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani aitwaye Brode akazichapisha. Humo alieleza pia habari ya Kasongo Rushie na jinsi alivyojifanya ndugu yake. Alikufa Unguja mwezi wa Juni mwaka 1905.

Basi, wanafunzi, watu wengi wa Tabora na Ujiji wametoka katika koo zilizokutana njiani: Wanyamwezi, watu wa pwani, Waarabu, na Wamanyema waliokuja kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa hiari yao na wengine kwa kamba shingoni. Ukikaa na bibi yako jioni, muulize majina ya wazazi wake, na ya mama zao pia, maana hao ndio wasahauliwao kwanza. Akikuambia ya fahari, usijivune juu ya wenzako. Akikuambia kwamba mmoja wao aliletwa akiwa mtumwa, usione haya, kwa sababu haya si ya aliyetekwa bali ya aliyeteka. Na asipojua, mshukuru, kisha andika yale anayoyajua, wala usiongeze neno lako.